Miezi Kumi na Tisa ya Tanuri

Jumapili, 5 Mei 2024
Kiwanda cha biskuti kimenikataa. Mama wa ofisini alikuwa akicheka nami vizuri tu mpaka nilipompa karatasi ya mahakama. Akairudisha kwa ncha za vidole. Kosa langu: kuficha gerejini injini ya boti ya kaka yangu Yazid, ya kuvukia bahari kimagendo. Yeye yuko Alicante, ng'ambo ya bahari, anakula machungwa. Mimi nimekula miezi kumi na tisa ya jela!

Basi, naomba posho ya wasio na kazi. Wanapewa wale tu ambao hawajawahi kuajiriwa, na kabla ya miaka arobaini. Mimi natimiza arobaini Ijumaa, tarehe 24. Nikiipata, nahamia chumba cha juu kwa Hajja Mbarka. Nimechoka kulala sebuleni kwa dada Warda. Shemeji Menwar anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niko ya mia na kumi.

Jumanne, 14 Mei
Nilidhani kifungo ndicho kitakachoniponza. Wala! Karani wa ofisi ya ajira, Bwana Larbi, kasema sheria haiwakatai waliofungwa. Nilitaka kumbusu kichwa hapo hapo. Halafu akatazama kompyuta. Eti nimewahi kufanya kazi. Kazi gani? Uokaji mikate, miezi kumi na tisa.

Tanuri la gereza! Nikamwambia nilifungwa, sikuajiriwa.

"Dada, hapa hapakuandikwa gereza. Pameandikwa mwokaji."

Eti niende gerezani nikalete barua kwamba ile ilikuwa adhabu, si kazi. Mwisho Alhamisi ya tarehe 23, saa tisa. Kiwandani mimi ni mfungwa, hapa mimi ni mfanyakazi. Nashika lipi?

Jumapili, 19 Mei
Nimepiga simu gerezani. Mkurugenzi yuko likizo, anarudi Alhamisi. Alhamisi yenyewe! Shemeji amesikia. Kaniuliza kama nimewakumbuka wenzangu wa kule.

Jumatano, 22 Mei
Nimepiga pasi gauni. Kurudi kule kwa miguu yangu mwenyewe! Warda kanipa nauli kwa siri.

Alhamisi, 23 Mei
Naandika nimekaa kwenye ukuta, ng'ambo ya geti la gereza.

Nilisubiri saa tatu nzima. Mkurugenzi kanipokea kama binti yake. Kamwita Mama Saliha, mkuu wa tanuri, aje anisalimie. Kaja na unga mikononi, kanibusu mashavu yote mawili. Wasichana wa sasa hawajui kukanda, akasema, mikate inatoka kama mawe. Miaka ishirini na mbili anafanya kazi pale. Mkurugenzi akaniuliza nataka barua ya nini. Na mimi, mjinga mimi! Ningesemaje mbele ya Mama Saliha kwamba ile haikuwa kazi? Nikasema tu: "Barua kuhusu tanuri, ya kupeleka ofisi ya ajira."

"Hiyo tu, binti yangu? Mikono kama yako haifai kukaa bure."

Akaandika mwenyewe. Muhuri, sahihi, bahasha. Mama Saliha akalia. Nikashukuru, nikatoka, nikaifungua hapa.

"Zulikha alikuwa mfanyakazi hodari na mwaminifu wa tanuri letu kwa miezi kumi na tisa. Tunampendekeza kwa mwajiri yeyote."

Nimeisoma mara nne. Hakuna aliyewahi kuniandikia maneno mazuri hivi. Nimelia kwa furaha, wallahi, kisha nikalia kwa hasira. Nikimpa Bwana Larbi barua hii, nimejimaliza mwenyewe!

Saa sita na dakika ishirini. Basi la mjini ni saa saba. Sina budi kurudi ndani, nimwambie mkurugenzi aichane. Aandike kwamba sikuwa mfanyakazi, wala hodari. Na Mama Saliha bado yuko mle ofisini, nilimwacha anakunywa kahawa.

Mlinzi ameniona. Kafungua kidirisha cha geti, anaita:

"We Zulikha! Umesahau nini huku?"