Mbuzi Wangu na Boma la Mjerumani

Jumamosi. Hapa Mpwapwa upepo umebeba vumbi tangu asubuhi, na mkono wangu wa kushoto haunyanyuki. Naandika kwa wa kulia.

Niseme ukweli. Leo nimempiga mume wangu kwa jiwe.

Kilimani juu ya kijiji chetu kuna boma bovu la Mjerumani. Kuta zimebaki nusu, ila matundu ya kupitishia bunduki bado yanatazama bondeni. Watu wanaamini Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu chini yake. Mume wangu, baba Neema, naye anaamini. Mwezi wa pili huu anachimba na rafiki yake Mathayo, huku shamba letu limejaa magugu.

Asubuhi nilikuta zizi tupu. Mbuzi wangu mweusi hayupo, na maziwa yake ndiyo yanamkuza Neema, maana yangu yalikauka mapema. Nikajua hapo hapo. Mganga aliwaambia mali ile haitoki bila damu ya mbuzi mweusi asiye na doa.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda mbio.

Mbuzi alikuwa amelazwa ukingoni mwa shimo, miguu imefungwa. Mathayo ameshika kisu, baba Neema amesimama kando na sururu.

"Mama Neema, rudi jikoni," akacheka. "Jioni utakuwa tajiri."

"Tajiri wa nini? Miezi miwili mmepata kizibo cha chupa!"

Nikamrukia mbuzi nifungue kamba. Mathayo akamchinja mikononi mwangu. Damu ya moto ikanilowesha kifua. Nikamng'ata Mathayo mkono mpaka akaachia kisu. Ndipo baba Neema akanyanyua mpini wa sururu, akanishushia begani.

Mtoto alikuwa mgongoni!

Mpini ulimkosa kichwa kwa upana wa kidole. Sikufikiri. Nikachomoa jiwe la ukuta, nikamtwanga nalo usoni. Akakaa chini, damu inamtiririka.

"Umenipiga mimi?"

"Ningekukosa, ningerudia."

Hajarudi nyumbani; mchana amemtuma dada yake aniambie nisamehe, eti shetani alimpitia. Nimejibu kwa heshima: "Wifi, mpini ulikuwa mikononi mwa kaka yako."

Neema amelala. Nimemkagua kichwa mara nne. Nguo zetu ziko kwenye mfuko. Alfajiri tunapanda basi la Dodoma, kwa mama yangu, mtaa wa Nkuhungu.

Kuondoka naweza. Lakini bado nampenda, na namjua, atanifuata akilia. Siku hiyo nitaweza kusimama mlangoni nikasema hapana?