Sweta Lisilofuliwa

Jumapili, 23 Machi
Tumefungwa tena. Mbili bila, nyumbani. Renzo kavua viatu mlangoni, kaenda moja kwa moja jikoni, kasimama mbele ya friji bila kuifungua. Nimempashia wali. Hakula. Mume wangu Mtaliano akigoma kula, ujue kuna msiba.

Zimebaki mechi nne, tuko mkiani. Mwenyekiti wa klabu kamwambia Renzo wazi: timu ikishuka daraja, kocha naye aondoke. Alicheza beki wa kushoto kwao Italia mpaka goti likamwangusha. Akaja kumalizia mpira huku Ubelgiji, kisha miaka ya kuuza mashine za kahawa akisubiri mtu ampe timu. Hii ndiyo aliyopewa. Vijana wanaobeba mizigo mchana na kufanya mazoezi jioni. Akifukuzwa hapa, kwa umri wake, simu haitalia tena. Namwonea huruma.

Alhamisi, 27 Machi
Nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee, miguu inawaka moto. Renzo kanikalisha. Kazunguka wee, mwishowe katamka: Jumapili usije, pumzika. Kwa nini? Kaangalia dirisha. Eti nimekwenda uwanjani mara tatu mfululizo, na mara zote wamefungwa. Eti si yeye, ni wachezaji walioliona hilo.

Nilicheka. Mimi mtoto wa Mwanza. Nimeona timu zikiruka ukuta kukwepa lango, nimesikia ya kamati za ufundi zinazozika vitu golini. Nimekuja mpaka Brussels kukutana na kamati ya ufundi ya mtu mmoja, tena chumbani kwangu!

Halafu kicheko kikakata. Shangazi yangu aliitwa mwenye mkosi baada ya kuzika waume wawili. Alikula peke yake mpaka anakufa. Kwetu neno hilo si mzaha. Nimempa mgongo.

Jumapili, 30 Machi
Sikwenda. Wameshinda. Karudi anaimba.
Nimefurahi na nimechukia, vyote kwa mpigo.

Jumanne, 1 Aprili
Sweta la kijivu alilovaa siku ya ushindi lisifuliwe. Amri hiyo. Linanuka kitunguu. Yaani sweta limepanda cheo, mke kapigwa marufuku.

Jumapili, 6 Aprili
Wameshinda tena, ugenini. Nimepiga pasi nguo zote za nyumba hii. Isipokuwa moja.

Jumapili, 13 Aprili
Asubuhi soko la Midi na Maman Furaha wa Bukavu. Mwanawe ndiye winga wetu. Huku anachagua pilipili ananiambia: "Bon, maman, usikasirike, hein? Leo ubakie tu ku nyumba. Batoto banashinda, donc..." Kwa upole kabisa, kama anamfariji mgonjwa. Nyanya zimenitoka mikononi. Kumbe mji mzima unajua.

Basi nimekwenda. Koti la mvua, kofia mpaka kwenye nyusi, nikajibanza nyuma ya goli na mashabiki wa wageni. Tatu moja! Mtoto wa Furaha alipofunga la tatu niliruka, bwana mmoja akanitazama kama nimerukwa na akili. Nimewahi kurudi, nikapika. Renzo kaja kunisimulia mechi nzima. Namwitikia, hee, kweli? Hee!

Jumatano, 16 Aprili
Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia nilikuwepo. Nilidhani ataona haya. Wapi! Macho yamewaka. Ulisimama wapi? Ulivaa nini? Eti mechi ya mwisho nije vilevile, pale pale, koti lile lile.

Nimelipuka. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa mikono. Sitaki kuwa gundu lako, sitaki kuwa hirizi yako. Mimi mke wako, Renzo. Nije kwa sababu unataka nije, au tuache.
Kaenda kulala sebuleni.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Tumekula kondoo. "Nipe chumvi." Ndiyo mazungumzo yote ya sikukuu.
Ninaogopa. Si mechi ninayoiogopa.

Jumamosi, 26 Aprili
Kesho sare inatosha. Renzo kaja jikoni, kakaa kwenye kiti kibovu asichokipenda. Kaongea polepole. Siku goti lilipokatika, alilala hospitali akijiuliza alianza kuvaa kiatu gani, aliingia uwanjani kwa mguu upi. Lazima kuna kitu alikosea. Tangu siku hiyo hajaacha kutafuta.

Kisha kasema: "Njoo kesho. Vaa unachotaka, kaa unapotaka. Tukifungwa, tumefungwa na wale jamaa tunaocheza nao."
Nimelia kama mjinga. Kwa ajili ya mechi ya daraja la chini!

Jumapili, 27 Aprili
Kitenge cha njano nilichonunua mtaa wa Chaussée de Wavre, na kilemba juu. Hata aliye mwezini ananiona. Nimekaa nyuma ya benchi. Maman Furaha kaniona, kapiga ishara ya msalaba, halafu kanisogezea nafasi.

Sare mpaka mwisho kabisa. Halafu kona. Halafu kichwa. Moja bila, tumeshuka.

Nilihisi macho yote mgongoni. Nilitamani kukivua kilemba nikikalie. Renzo kampa mkono kocha mwenzake, kampa mwamuzi, kisha kavuka uwanja moja kwa moja mpaka kwangu. Kasema kwa Kifaransa, kwa sauti, wasikie wote: "Asante kwa kuja, mke wangu." Kanishika mkono kwenye tramu mpaka kwetu Etterbeek. Kiganja chake kilikuwa baridi.

Jumanne, 29 Aprili
Wamemwachisha kazi. Kaja nyumbani na mfuko wa vifaa, filimbi bado shingoni.

Jioni nimerudi zamu nimemkuta amekaa sakafuni mbele ya mashine ya kufulia, sweta linazunguka. Nimekaa naye tukalitazama.

Kalifua kwa maji ya moto, masikini. Limesinyaa, halimwingii hata mkono. Nimelivaa mimi.