Tangi Lililogeuka Maziwa

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama mkwe wa mlalamikaji (nyumbani anaitwa Bibi)
Umri: Miaka 64
Kazi: Mstaafu, alikuwa opareta wa simu hospitalini
Makazi: Nyumbani kwa mlalamikaji, chumba cha nyuma
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali kwa makusudi
Tarehe na saa: Jumatatu, tarehe 12, saa 3:20 asubuhi

Mimi ni mtu mzima, akili zangu timamu, na ninasema haya kwa hiari yangu. Nimeletwa hapa na mkwe wangu kwa gari lake. Yuko nje kwenye benchi. Njiani aliniambia, "Mama, waambie tu yale maneno ya fundi, basi." Nitayasema. Lakini nimemwomba afande aandike na mengine yote na asinikatize, kwa sababu hayo mengine yatamgusa binti yangu wa kumzaa, na nikikatizwa naweza kuishiwa nguvu.

Ninaishi na binti yangu, mume wake na wajukuu zangu wawili. Mkwe wangu ni mpima ardhi, wiki nzima yuko safarini. Binti yangu ni mwalimu wa chekechea. Sebuleni kuna tangi la samaki wa maji ya chumvi, urefu wake kama kitanda cha mtu mmoja. Samaki wenyewe ni wachache. Kinachopendwa pale ni matumbawe hai, ambayo mkwe wangu ameyalea miaka sita. Watoto wake anawapenda, sisemi, ila hao hajawahi kuwapima joto mara tatu kwa siku.

Chini ya tangi kuna kabati, na ndani ya kabati kuna pampu. Ni kisanduku cheupe, ukubwa wa mkate, chenye magurudumu mawili madogo. Kila saa magurudumu yanazunguka yenyewe, yanaminya mipira, na dawa inadondoka majini tone kwa tone. Chupa moja ni ya chokaa na nyingine ni ya magadi. Matumbawe yanajengea mifupa yake kwa dawa hizo. Zikipungua yanapauka, zikizidi yanakufa. Hayo nimeyajua kwa kuishi nayo, si kwa kuyapenda.

Kiasi cha dawa hupangwa kwenye simu ya mkwe wangu, popote alipo. Zamani alikuwa akipanga fundi wa matangi, yule mnayemshikilia, ambaye wajukuu zangu wanamwita Fundi Samaki. Miezi miwili iliyopita mkwe wangu alimwambia kuanzia sasa atapanga mwenyewe, na fundi abaki na kazi ya vyuma na mipira. Fundi alisema, "Bosi, hiki kitu kinataka mkono mmoja. Ukikichezea, utakuja kulilia hili tangi." Hayo ndiyo maneno niliyoletwa kuyasema. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mchele. Aliyasema kama daktari anavyomwonya mgonjwa mbishi. Hakukuwa na kitisho ndani yake, na mkwe wangu wakati ule alicheka.

Sasa naingia kwenye yale mengine.

Mnamo tarehe 18 mwezi uliopita, binti yangu alikuwa na sherehe ya watoto shuleni kwake. Mume wake aliahidi kwenda. Hakwenda, alibaki akibadilisha maji ya tangi. Jioni ile, mbele ya walimu wenzake aliokuja nao nyumbani, binti yangu alisema, "Siku moja nitalimwaga hili tangi uani, na wewe ulifuate huko huko." Tangu siku hiyo wakanuniana. Mkwe akiwa nyumbani ilikuwa, "Mama, mwambie mwenzangu gesi imeisha." Na mwenzake, "Mama, muulize mwenye nyumba kama anakula." Mwenye nyumba yuko kochi la pili, anasikia hadi pumzi yake. Basi nikawa nimerudi kazini. Miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa kuunganisha watu na kufunga mdomo. Opareta anayerudia anayoyasikia hafiki hata mwisho wa mwezi. Mimi nilifika hadi kustaafu, na nilijivunia hilo mpaka Jumamosi.

Siku chache baadaye matumbawe yakaanza kupauka. Kuna moja la zambarau, ambalo mkwe wangu alilinunua mwaka walipooana. Hilo lilipauka kuliko yote.

Mkwe wangu alinipigia kutoka safarini. Alisema, "Mama, nimeona kwenye kamera ya ndani ya tangi lile la zambarau halina hali. Nimeongeza dozi ya magadi kutoka huku. Ila usimwambie, ataona namjali tumbawe kuliko yeye." Nikamwambia sawa, baba.

Kesho yake asubuhi nilimkuta binti yangu amepiga magoti mbele ya kabati, amevaa nguo za kazi. Pembeni ya kila gurudumu kuna kitufe. Ukikishikilia, dawa inatoka zaidi. Alikuwa amekishikilia cha magadi huku midomo yake ikihesabu. Aliponiona alishtuka kama mwizi. Alisema, "Mama, yakifa haya mwenzangu ataumia. Nimemwona akibonyeza hivi zamani. Usimwambie, atasema naingilia vitu vyake." Nikamwambia sawa, mwanangu. Akaendelea kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Afande ameniuliza kama nilijua wote wawili wanaongeza kitu kilekile. Nilijua. Niliona kila mmoja anafanya kidogo tu, na anafanya kwa wema. Moyoni nilifurahi hata, nikajiambia hawa wanapendana, watarudi tu.

Mnamo Ijumaa tarehe 9, saa 4 asubuhi, fundi alikuja. Mkwe wangu ndiye aliyemwita aangalie pampu. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Alifungua kabati, akazungusha gurudumu kwa mkono, akachomoa mpira wa magadi. Ulikuwa bapa na umepasuka kama kisigino. Akanionyesha. Alisema, "Bibi, tatizo ni hili. Mpira umechoka, ulikuwa unatoa nusu ya dawa. Ndiyo maana yamepauka." Akaweka mpya, akapima kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akaridhika.

Kabla hajafunga kabati aliniuliza, "Bibi, kuna mtu ameongeza dozi siku hizi? Baba au mama? Maana kama wameongeza kufidia huu mpira mbovu, huu mpya utaua kila kitu."

Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayana tatizo lolote.

Nilimjibu, "Mambo ya samaki mimi siyajui, fundi."

Akauliza tena, "Kwa hiyo hakuna aliyegusa?"

Nikasema, "Hakuna."

Akampigia mkwe wangu mara mbili, simu haikupatikana. Akasema basi, kama Bibi anasema hakuna, hakuna. Aliosha mikono, akaondoka.

Fundi amewaambia ninyi kwamba aliuliza akajibiwa hakuna. Mkwe wangu amesema fundi anatafuta pa kujificha. Fundi anasema kweli. Aliyemjibu ni mimi, na nilimdanganya. Sikusahau wala sikuchanganyikiwa. Niliona nikimwambia, atamwambia mkwe wangu, na ile nyumba ambayo ilikuwa inaanza kupoa itawaka upya. Nikauma ulimi.

Jumamosi tarehe 10, saa 1 asubuhi, binti yangu alibonyeza kitufe kama kawaida yake. Fundi alipokuja yeye alikuwa shule, na mimi sikumwambia habari za mpira mpya. Nilikuwa mlangoni, nimeshika kikombe cha chai, namwangalia. Ilipofika saa 3 maji yalikuwa meupe kama maziwa. Huoni samaki, huoni jiwe, huoni chochote. Pampu ikawa inaendelea kuzunguka na kudondosha kama hakuna kilichotokea. Binti yangu ndiye aliyechomoa waya ukutani.

Mkwe wangu alifika saa 4. Maji yalikuwa yameanza kutulia, na matumbawe yanamenyeka ngozi. Samaki watatu walikuwa juu. Mwanamume wa miaka arobaini na moja alikaa sakafuni na viatu vyake vya matope. Kisha akaniuliza mimi, ingawa mke wake alikuwa amesimama hapo hapo, "Mama, nani aliingia humu?"

Nikasema, "Fundi, jana."

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililomfunga mtu. Mkwe wangu alikumbuka yale maneno ya kulilia tangi, akapiga simu polisi, kisha akaingia garini. Kabla ya saa 6 mchana askari walikuwa wamemtoa fundi dukani kwake mbele ya wateja. Binti yangu alisikia simu hiyo ikipigwa. Alikuwa mlangoni mwa jikoni, mkono mdomoni. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Jana Jumapili, saa 8 mchana, mwanamke alibisha hodi getini. Ni mtu wa rika langu, amevaa viatu vya wazi, vumbi hadi kwenye vifundo. Tulisalimiana. Alisema, "Mimi ndiye niliyemzaa fundi. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza mwanangu amewakosea nini." Nilimkaribisha ndani, akakataa. Kisha akasema, "Anasema alimuuliza bibi wa nyumba hii kwanza. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Akaniangalia. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Yeye huuliza kila kitu mara mbili, tangu mdogo," halafu akageuka akashika njia. Nilibaki nimeshika geti. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nimeshaona mengi.

Nilipoingia ndani nilimwambia binti yangu kwamba nitasema. Alilia. Alisema, "Mama, mimi nilitamka mbele ya watu kwamba nitalimwaga. Leo nikisema nilikuwa nabonyeza ili lipone, nani ataniamini? Yeye ataniamini?"

Sikumdanganya. Nilimwambia sijui.

Akasema, "Ukisema, mimi sina ndoa."

Nikamwambia, "Na fundi wa watu hana hata pa kulala." Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Leo asubuhi, wakati natoka na mkwe wangu, hakutoka kutuaga. Nililiona pazia la dirisha lake likisogea.

Naomba ieleweke kwamba binti yangu hakukusudia kuharibu. Nilimwona usoni kila asubuhi, na mtu anayeharibu hahesabu kwa uangalifu vile. Mkwe wangu naye hakukusudia, wala hajui bado kwamba mkono wake umo. Fundi ndiye pekee aliyefanya kazi yake sawasawa, na ndiye pekee aliyelala ndani. Afande amenitahadharisha kwamba kwa maelezo haya huenda binti yangu akaitwa na kuhojiwa kama mshukiwa. Nimeelewa. Nimewapa jina jingine la kuweka mahali pa lile mlilonalo, na jina hilo nililichagua mwenyewe siku alipozaliwa.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyanyamazia yote nimeyasema hapo juu. Nimesomewa, hakuna nilichotaka kipunguzwe. Naweka sahihi yangu.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi kwa sauti. Shahidi aliomba mara moja tu kupumzika, akapewa maji. Baada ya kuweka sahihi aliomba mlalamikaji asomewe na mimi, si yeye, akisema hatapeleka tena neno la mtu kwa mtu. Nikamwita mlalamikaji.

Mlalamikaji alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye habari za kitufe aliomba nirudie, nikarudia. Alifungua simu yake, akaangalia kiasi cha dozi alichokuwa amepanga, akakaa. Aliomba ruhusa ya kumpigia mkewe hapo hapo. Alipiga mara mbili na kukata kabla ya kupokelewa. Mara ya tatu ilipokelewa, naye akasema, "Ni mimi." Baadaye kidogo akasema, "Hapana, usilie. Tulikuwa wawili."

Mlalamikaji ameomba kuondoa malalamiko na ameandika hivyo kwenye karatasi ya pekee. Mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa 6:15 mchana na kukabidhiwa mkanda wake, viatu na simu. Kwenye kaunta mlalamikaji alimnyooshea mkono na kumwomba radhi. Mtuhumiwa aliuangalia ule mkono, akainama kufunga kamba za viatu vyake. Alipomaliza alipita katikati ya mlalamikaji na shahidi, akatoka kwa mama yake aliyekuwa akingoja nje.

(Sahihi ya afisa)