Mama Hakucheza Besiboli

Mupendwa yaya, mukubwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata jana jioni, nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi. Unasema wajomba wanataka kukusikia kwa simu Jumamosi, siku ya kuondoa kilio, yaani matanga ya Mama, na kwamba wewe huna nafasi ya kutafuta maneno. Niandike mimi, kama mara ile ya maziko, wewe utasoma tu. Halafu ukamaliza na Kiingereza chako: "Step up to the plate for me, sis," yaani nisimame mimi kwenye zamu yako ya kupiga mupira. Njo vile ulivyoandika, na kichwa kidogo cha njano kinachocheka pembeni.

Nakujibu kwa Kiswahili, na polepole, ili usije kusema haukuelewa.

Maneno yale ya besiboli wewe njo ulinifundisha, sikatai. Nilikuwa bado primaire, shule ya musingi, uliporudi kutoka kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Wenzako walirudi na magodoro. Wewe, mutoto wa kwanza wa Mama, ulirudi na kofia ya bluu na kijitabu ulichopewa na mwalimu aliyewafundisha Kiingereza kwa njia ya besiboli. Ukakusanya vijana wa kartie, mutaa wetu, ukawaambia Kiingereza cha ubaoni kinafia ubaoni, na anayetaka kukisema kama wenyewe lazima akicheze. Muchezo wenyewe hapa Kalemie hakuna aliyewahi kuuona. Hata wewe ulikuwa umeuona kwenye picha za kijitabu tu, lakini ulivyokuwa unaeleza, nani angethubutu kukubishia?

Gongo la kupigia ulilitoa wapi? Kwenye kafi ya Papa. Marehemu alituachia mutumbwi uliooza na kafi moja ya kupigia maji, na Mama alikuwa ameiegemeza nyuma ya mulango, haiguswi. Wewe uliazima musumeno kwa jirani, ukakata ubapa, ukabaki na mupini. Mama aliporudi kutoka kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikuta ule ubapa chini, kwenye unga wa mbao. Tulingoja fimbo. Hakutupiga. Alikaa kwenye kizingiti, akauweka mapajani.

"Umekata mukono ya baba yako," alisema. "Basi, ucheze nayo muzuri."

Tukacheza nao. Besi, yaani kituo ambacho mukimbiaji lazima aguse, ya kwanza ilikuwa jiwe la kufulia, ya pili mupapai, ya tatu banda la kuku, na nyumbani, pa kumalizia mbio, kulikuwa kizingiti cha Mama. Mupira ulikuwa matambara yaliyofungwa na uzi wa nyavu, mugumu kuliko ngumi. Mimi ulinichuchumaza nyuma ya mupigaji, nidake kila kinachopita, kwa sababu wavulana wote walikuwa wamekataa nafasi ile. Magoti yangu yana alama zake mpaka leo. Na Mama, pale mulangoni na sinia lake la ndagala, Kiingereza chote kilimupita isipokuwa neno moja, lile la kusema mukimbiaji amefika salama. Kila aliyefika kizingitini, hata yule aliyekwisha kuguswa na mupira na anayejua vizuri kwamba ametoka, Mama alimupokea kwa sauti: "Sefu! Ingia, ukule." Ulikuwa unakasirika, unamwambia Mama, huyu ametoka, usituharibie muchezo. Yeye alijibu kwamba kwake hakuna muntu anafika halafu anaambiwa ametoka.

Nilikupenda sana siku zile, yaya. Nilikuwa naona hakuna kitu usichokijua. Ulinieleza "touch base" ukiwa umesimama juu ya jiwe la kufulia: ukipita karibu bila kuligusa, mbio zako zote ni bure, lazima muguu uguse. Kwa hiyo wazungu wakisema hivyo wanataka kusema tuonane, tusikilizane, tusipitane tu. Mvua ikitufukuza tulijazana jikoni kwa Mama, na huko njo ulitufundisha "rain check". Ulisema kule kwao mvua ikivunja muchezo, unapewa karatasi ya kurudia siku nyingine. Mama akauliza, na kama siku nyingine wachezaji hawapo? Tulimucheka sana.

Halafu ukashinda ile loteri ya visa, ukaenda kule kwa wazungu. Mimi nikabaki na kijitabu, kikanisomesha, na leo nafundisha Kiingereza hapa hapa muji. Nikisema "touch base" mbele ya darasa nakuona wewe juu ya lile jiwe, na ninajisikia vibaya, kwa sababu njo neno ulilokuwa unanitupia kila ukitaka kukata simu. Tuta-touch base Jumapili. Jumapili inafika, simu yako imezimwa. Muguu wako haujagusa jiwe lolote, ulikuwa unapita tu.

Mama alipolala kitandani aliniuliza kila asubuhi unafika lini. Sikukuomba pesa, unajua vizuri sikukuomba. Nilikuomba umupigie kwa video, umwonyeshe uso. Ukajibu uko na wageni, nimwambie unachukua "rain check". Nikaisoma mara mbili nikifikiri macho yangu yamechoka. Nilimwambia Mama unatafuta ruhusa kazini. Akatikisa kichwa, akasema wazungu ni wagumu. Yaani alikutetea, na wewe ulikuwa unakula nyama choma na wageni wako.

Sasa nifike kwenye ile siku ya maziko. Unaijua desturi yetu. Sanduku la mama halitoki uani mpaka mutoto wake wa kwanza amuage mbele ya wajomba: aombe msamaha kwa niaba ya watoto wote, aseme nani atabaki na nani. Kama yuko mbali, anatuma maneno yake na yanasemwa jinsi yalivyo. Mujomba mukubwa, kaka wa Mama, alikuwa ametoka Mpala na boti usiku kucha, amelowa mpaka shingoni. Alisimama kichwani pa sanduku, akauliza, "Mutoto wa kwanza anasema nini?" Watu wote wakanigeukia. Na mimi nilikuwa na simu mukononi, na ndani yake maneno uliyoyatuma asubuhi ile: "Mama hit a home run. She touched all the bases. She is home."

Ati Mama amepiga mupira ukavuka uwanja, akazunguka besi zote, akafika nyumbani. Mama, ambaye miezi ile ya mwisho hakuweza kufika chooni bila mimi kumushika kwapani, wewe unamukimbiza besi! Hakukuwa hata na "nisameheni". Ungeandika "Mama, nalia", ningeyasoma hayo mawili na yangetosha.

Mujomba alikuwa anangoja. Wabebaji walikuwa wameshainama. Nikafungua kinywa nikatafsiri kitu ambacho hukuandika. Nilisema: "Mama, ulinizaa wa kwanza na mimi nimefika wa mwisho. Unisamehe. Mudogo wangu hatabaki peke yake nikiwa hai." Wanawake wakaangua kilio. Mujomba alijifuta uso na kofia yake. "Huyu njo mutoto," alisema. "Mumubebe sasa."

Njo hivyo Mama alivyotoka uani kwake.

Baada ya maziko jirani yetu alinionyesha ukurasa wako wa mutandaoni. Maneno yale yale, neno kwa neno, juu ya picha yako wewe na kofia, na wenzako wa kazini wameweka mioyo chini yake. Kumbe hata sisi hukutuandikia. Ulishawaandikia wao, kisha ukatutumia masalio. Na wajomba walipokupigia kukusifu kwa namna ulivyomuaga Mama, ulisema nini? Ulisema asante. Mujomba mwenyewe aliniambia, akifurahi, kwamba umesema asante sana. Hukuniuliza wanakushukuru kwa lipi. Hukutaka hata kujua ulisema nini kwa mama yako.

Yaya, ninaona kinyaa. Nimetafuta neno la adabu zaidi la kumwambia mukubwa wangu, sikulipata.

Ule mupini wa kafi bado upo. Ulipoondoka Mama aliugeuza mwiko wa sufuria kubwa, na kwenye kilio wanawake waliusongea bukari, ule ugali wetu, ya watu wote. Umekuwa mweusi kwa moshi, na mahali pa kushikia pamelainika kwa mikono yake. Jumamosi utafanya kazi tena. Nilitaka ujue kwamba mukono wa Papa, hata ulivyoukata, umelisha watu kwenye kilio cha mke wake.

Jumamosi hiyo sikuandikii kitu. Nitaweka simu juu ya meza, sauti juu, mbele ya wajomba. Sema Kiswahili, au sema Kitabwa cha Mama, hata kama umekisahau nusu, hakuna atakayekucheka. Lakini ukileta kile Kiingereza watanigeukia mimi tena, na safari hii nitatafsiri yote kama yalivyo, na mupira, na besi zote, mujomba akisikia. Na akiniuliza yale ya mara ya kwanza yalikuwa ya nani, nitamwambia pia.

Najua utakasirika. Najua pia una sauti nzuri, na kwamba zamani ulikuwa unalia ukisikia Mama anakohoa. Huyo wa zamani akipiga simu Jumamosi, nitafurahi mpaka nishindwe kusimama. Lakini usifike mulangoni umechelewa, mikono mitupu, ukingoje sauti ikuite sefu. Aliyekuwa anakuitia sefu hata ukiwa umetoka, tumemuzika.

Ni mimi, mudogo wako,
niliyechuchumaa nyuma yako nikidaka mipira yako yote.