Matokeo Kabla ya Kitasa

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, mgonjwa ni timu yetu ya kriketi. Jumamosi zilibaki mbio sita tu tushinde, nahodha akabutua mpira kama anafukuza nyuki, ukadakwa, akatolewa. Nilifoka mpaka fundi viatu wa jirani akafunga dirisha. Na mbunge wetu, yule niliyemnadi mtaa mzima, ameukalia tena muswada wa bunduki. Eti raia mwema hana haja ya kupimwa akili.

Raia mwema ni Baba. Bastola bado iko chini ya mto wake. Nilienda polisi kuomba waichukue, wakasema leseni haijaisha. Nikawaambia, "Mzee hanitambui, mimi mwanawe!" Askari akajibu, "Sheria haiulizi hilo."

Usiogope, nimepata mbinu. Nikitoka kazini, kabla sijagusa kitasa, nasimama pembeni ya mlango na kutangaza matokeo ya kriketi. Jina langu limemtoka, kriketi haijamtoka. Tunamlaani nahodha pamoja, kisha ananifungulia. Kumdanganya siwezi, maana redio haimtoki sikioni. Siku moja nilikosea mbio moja tu, nikasikia chuma cha bastola kikilia ndani. Juzi mvua ilivunja mechi, nikalala kwa fundi viatu.

Dada, msimu unaisha Jumapili. Baada ya hapo sijui nitasema nini pale mlangoni.

Mdogo wako,
ambaye Baba sasa humwita "wewe wa kriketi"