Yule Mfaransa Wako, Ami

Peckham, London
12 Oktoba 2003

Kwa Ami yangu mpendwa, Mwalimu Msabaha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Hamad na wote hapo Wete. Goti lako vipi? Na vuli imeshaanza? Huku baridi imeingia, nguo hazikauki ndani, na mimi na Sheikha tulikuwa na mafua. Sasa hatujambo, alhamdulillahi.

Ningeweza kupiga simu, kadi ninayo. Lakini kwenye simu unanishinda. Ukiniita "mwanangu" mara moja tu nami nimeshalainika. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Kwanza habari za yule Mfaransa wako. Hapana darasa uliloingia pale skuli usimtaje: Baroni d'Estournelles de Constant, mwanadiplomasia aliyewaambia wakubwa wa dunia waache mizinga, wapeleke ugomvi wao mbele ya waamuzi. Sisi tulikuwa watoto wa baada ya Mapinduzi. Baba yangu alichukuliwa nikiwa bado tumboni, ukanilea wewe, mdogo wake. Uliposimulia kwamba palikuwa na mtu aliyeamini watu wanaweza kuketi wakasikilizana, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilidhani huyo mtu ni wewe.

Ndiyo maana nilikubali uliponipigia mwezi wa saba. Talib alishanipa talaka yangu, na hilo halikuniuma sana. Lililobaki ni mtoto wetu Sheikha, ambaye babake anataka ampeleke Maskati akakae na bibi yake. Nilikuwa njiani kwenda mahakamani. Ukasema mahakama ya Waingereza ya nini, tukae kidini, msuluhishi mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wetu, na wa kwetu utakuwa wewe, kwa simu. Ukamtaja na Mfaransa. Nikaiacha kesi.

Nikajitayarisha kama mtu wa mtihani. Nikitoka kwa wazee ninaowahudumia, napita maktaba ya hapa Peckham kumsoma Baroni wako. Kumbe alifanya kazi ubalozi wa nchi yake humu humu London! Baadaye aliuacha, akaona kazi ile haina nguvu ya kubadili kitu, akaingia bungeni. Mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilipoundwa ikakaa bila kesi, alikwenda mpaka Marekani kumshawishi rais wao aipelekee ya kwanza. Akapewa Nobel ya amani. Vita vikubwa vikaja hata hivyo, naye nyumba yake akaifanya hospitali ya majeruhi.

Nikakuta na Tunis. Mbona Tunis hukutusomesha, Ami? Alipokuwa kijana alitumwa huko, Wafaransa wakiwa wameshaiweka nchi ile chini ya himaya yao, akaitumikia himaya hiyo na kuiandika kwa sifa. Wenye nchi hawakupelekewa msuluhishi yeyote. Sisi Wazanzibari himaya tunaijua. Nilikasirika, halafu nikakutetea moyoni, nikasema labda Ami hakujua.

Siku ya suluhu alikuja Talib na kaka yake mkubwa, ndiye msuluhishi wao. Simu tukaiweka mezani, spika wazi. Mimi nikaenda jikoni kama ulivyoniagiza, eti mwanamke asikae pale jambo lake likizungumzwa. Ami, hii ni fleti ya kaunsili, kijumba cha kupangishwa na manispaa. Baina ya jikoni na sebule pana pazia tu. Nilikuwa nachuja chai nikakusikia: "Mwana mchukueni, ende kwa bibi yake. Huyu mamaake nitamtuliza miye."

Hukuuliza hata swali moja. Hukusema mtoto ana skuli, wala kwamba mwenyewe hataki. Hata kaka yake Talib alikuuliza kama ndiyo basi, nadhani alikuja amejiandaa kubishana. Nikawapelekea chai.

Nilijipa moyo kwamba umezeeka, umechoka na maneno. Mpaka juzi mwanao Hamad aliponipigia kuniaga. Maskini, hajui kitu, furaha imemjaa. Kaka yake Talib amempatia kazi Maskati, na viza ilitoka tangu mwezi wa sita. Wa sita, Ami! Na mimi ulinipigia wa saba.

Umeniuza. Sina neno jengine. Ungeniambia, "Mwanabaraka, Hamad hana kazi na mimi nimekwama," ningelia na wewe na ningehangaika naye. Lakini ulikaa kwenye kiti cha upande wangu ukiwa umeshakuwa wao. Yule Mfaransa, pamoja na Tunis yake, aliwafungulia majeruhi mlango wake. Wewe uliyenijeruhi hata hujapiga simu.

Sheikha nimemweleza. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kama Babu Msabaha aliuliza yeye anataka nini. Nikamwambia hapana. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Basi suluhu yenu siitambui. Nimerudi kwa mwanasheria, kesi itasikilizwa baada ya Idi. Ramadhani inakaribia na najua utaniletea salamu za kuombana radhi. Usiniletee za desturi. Ukiitaka radhi yangu kweli, mpigie Talib na kaka yake, uwaambie kwamba siku ile hukunisemea mimi.

Nisalimie Mama Hamad, mwambie kanga zake nimezipata. Hamad msafirishe salama, yeye sina kinyongo naye. Mungu akupe afya, na akupe ujasiri wa kusema kweli kabla hatujazikana.

Mwanasheria aliniuliza nani wa kwetu atakayekuja kukaa nami siku hiyo. Gaudensia, mwenzangu wa kazini, Mkristo wa Bukoba, ameshaomba ruhusa aje. Wakiniuliza ni nani wangu, nitasema ni ndugu yangu. Wa damu nilikuwa nawe tu, na wewe, Ami, utakuwa umekaa upande wa Talib.

Mwanao aliyekupenda, na hajui bado namna ya kuacha,
Mwanabaraka