Biblia Iliyobaki Ngoliba

Jumatatu, 6 Januari
Wewe mwanamke, ulikuwa wapi? Tangu kabla ya Krismasi hujafungua hili daftari. Mjukuu wako Wambui amekufundisha herufi kwa pakiti za unga mpaka akatoka jasho, na wewe unakimbia kalamu kama kuku aliyeona kisu. Kaa chini. Andika.

Kuku wamekula. Kimani amepiga simu toka Amerika. Mwanangu alianza huko na siasa, akigonga mlango kwa mlango kuomba kura. Mihula mitatu bunge la jimbo. Sasa wamemfanya jaji. Ataapishwa wiki ijayo, na anataka Biblia yangu ya zamani. Kuna mtu wa Mugutha anasafiri Ijumaa, ataibeba.

Nimesema sawa. Si sawa.

Jumanne, 7 Januari
Nimeifungua. Inanuka moshi. Wambui amenusa, akasema, "Cucu, ni vumbi tu."

Ni moshi.

Andika yote. Tukikaa Ngoliba, Kimani akiwa kijana wa miaka ishirini, alienda kurina asali, moto ukamshinda. Ukala ghala la jirani. Akalaumiwa Njoroge, rafiki yake. Mbele ya wazee wa kanisa nilishika Biblia hii nikaapa mwanangu alishinda nyumbani. Kitabu hata sikujua kukisoma. Wazee wakampeleka polisi, Njoroge akafungwa. Alitoka anakohoa. Tukamzika kabla ya mavuno.

Chai ya matanga nilipika mimi.

Jumatano, 8 Januari
Mchana kweupe nimemwona Njoroge kwa mlango, na lile koti lake. Nikamwambia karibu. Kumbe ni shuka kwa kamba.

Nimempigia Kimani. "Mami, hayo yalikwisha. Usiniharibie."

Kila mkutano wa kura alisema mamake hajawahi kudanganya. Watu wakapiga makofi. Nimemwambia, "Jaji ni wewe. Haya, hukumu."

Akakata simu.

Alhamisi, 9 Januari
Nimeenda Ngoliba. Mama Njoroge alikuwa anapukuchua mbaazi. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Mikono yake haikusimama.

"Nilijua. Siku ya mazishi ulilia kunishinda mimi."

Akasukuma maganda kando.

"Na huyo jaji wako hana mdomo?"

Nimeiacha Biblia kwa kiti chake. Mtu wa Mugutha atasafiri mikono mitupu. Kimani nimemwambia: ukiitaka, iko kwa Mama Njoroge. Njoo uichukue mwenyewe.

Jumatano, 15 Januari
Wambui amenionyesha kwa simu. Kimani na joho jeusi, mkono juu. Kitabu kingine, kipya, hakina hata mkunjo. Amenenepa. Nampenda mpaka kifua kinauma.

Alipofika pa kuapa alinyamaza kidogo. Wambui anasema ni mtandao.

Nyumba haina harufu leo.

Ukirudi kwa daftari hili, andika kwanza kama Kimani amekuja. Kama hajaja, funga, vaa viatu, nenda Ngoliba. Mbaazi za Mama Njoroge ni nyingi, na mikono yake ni miwili tu.